Tusile Mbegu ya Bahari

Mkulima hodari hali mbegu yake. Hata njaa ikibisha hodi, hata watoto wakilia, lile debe la mbegu lililowekwa darini haliguswi, maana mwenye kuligusa ajua kwamba mvua ikinyesha atasimama shambani mikono mitupu. Jambo hili halihitaji kufundishwa na Bwana Shamba. Twalijua tangu utoto wetu. Lakini sisi tukaao Pwani, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, wengi wetu twashika jembe kwa mkono mmoja na mshipi kwa mkono wa pili, na ajabu ni kwamba sheria tuishikayo shambani twaiacha ufuoni. Huko baharini twala mbegu kila siku, kisha twashangaa mavuno yakipungua.

Naomba nafasi katika gazeti hili niseme habari za juya na mitego mingine iharibuyo samaki. Najua wako watakaouliza, "Gazeti la wakulima lina nini na samaki?" Jibu ni rahisi. Samaki ni mazao kama mahindi na mihogo, na huvunwa na watu wale wale. Tena liko jambo la pili, nalo si la kujivunia: majuya mengi hununuliwa kwa fedha za shamba. Mimi ninayeandika haya nilinunua moja. Nitaeleza habari hiyo hapo mbele.

JUYA NI NINI?

Kwa faida ya wasomaji wa bara ambao hawajaliona, juya ni wavu mrefu sana wenye mfuko katikati. Mabawa yake mawili yana macho makubwa kidogo, lakini macho ya mfuko ni madogo. Wavu hupakiwa katika mtumbwi au mashua, ukazungushwa katika maji yasiyo na kina, kisha watu hushika kamba pande zote mbili wakavuta. Kazi hiyo yahitaji watu wengi, kumi au ishirini, na wakati mwingine zaidi. Ukingo wa chini umefungwa risasi au mawe ili wavu usipae, kwa hiyo unapovutwa hukwangua sakafu ya bahari kama reki ikwanguavyo kitalu.

Sasa tufikiri: kuna nini katika sakafu hiyo? Kuna nyasi za bahari, na kati ya nyasi hizo ndimo watoto wa samaki wanamojificha na kula. Tafi, changu, na wengineo wengi hukaa hapo wakiwa wadogo kama kidole, kisha wakikua huenda kwenye matumbawe na kwenye maji yenye kina. Kwa maneno ya mkulima, majani yale ndiyo kitalu cha miche. Juya hupita juu ya kitalu asubuhi na jioni, likang'oa majani, likavunja matumbawe madogo, na likabeba miche yote bila kuchagua.

Wataalamu waliokaa miaka mingi katika fuo zetu wakipima samaki wanaoletwa nchi kavu wamekuta kwamba sehemu kubwa ya samaki wa juya ni watoto ambao hawajapata kuzaa hata mara moja. Mshipi na lema pia huvua wadogo, lakini si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo si haki kuwaweka wavuvi wote katika kapu moja. Mvuvi wa mshipi ni kama mtu achumaye maembe yaliyoiva kwa mkono. Mwenye juya ni kama mtu atikisaye mti mpaka maua yadondoke.

HESABU YA KILO MOJA

Twendeni kwa hesabu, maana mkulima hapendi maneno matupu. Tuseme umepata kilo moja ya tafi wachanga, na kila mmoja ana uzito wa gramu 50. Hao ni samaki 20. Sasa tuseme ungewaacha mpaka kila mmoja afike robo ya kilo. Kama wote wangeishi, ungepata kilo 5. Lakini tusijidanganye, baharini kuna wenye kuwala. Tuseme nusu yao wamekufa. Wamebaki 10, nao ni kilo 2 na nusu. Hata baada ya kutoa hasara hiyo, umepata zaidi ya mara mbili ya ile kilo moja, na bei ya kilo ya samaki mkubwa ni kubwa kuliko ya mdogo. Tena wale 10, kabla ya kuvuliwa, huenda wamekwisha kuzaa. Mimi sijui mkulima hata mmoja ambaye angeonyeshwa shamba lenye faida kama hiyo akalikataa.

Basi kwa nini twalikataa lile la bahari? Kwa sababu shamba lina mpaka na bahari haina. Mahindi yangu nikiyaacha yakomae, najua nitayavuna mimi. Tafi wangu nikimwacha leo, jirani yangu atamvua kesho. Kwa hiyo kila mtu hukimbilia kuvuna mabichi. Hapa hakuna mtu mwovu, lakini mwisho wake ni uovu, maana wote twapoteza. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Lahitaji sheria, na sheria imshike kila mtu.

JUYA NILILOLINUNUA

Mwaka 2009 korosho zangu zilizaa vizuri, na minazi kadhalika. Nikapata fedha kidogo. Watu wawili wa kijijini walinijia wakaniambia, "Mzee, fedha yakaa bure. Tununue juya, sisi watatu. Vijana wa kuvuta wapo, wewe utakaa kibarazani na fungu la chombo litakuja." Nilikuwa najua kwamba juya limepigwa marufuku. Sitasema sikujua. Lakini niliona wengine wanalo na hawakamatwi, nikajiambia kwamba sheria isiyofuatwa na wengine hainihusu mimi pekee yangu.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Fungu lilikuja. Kisha likapungua. Nahodha akasema mfuko una macho makubwa mno, samaki wanapenya. Tukaongeza mfuko wa ndani wenye macho madogo. Fungu likapanda wiki mbili, likashuka tena. Mwisho tukatia kitambaa cha chandarua cha mbu. Chandarua, wasomaji! Kile kilichotolewa ili watoto wetu wasife kwa malaria tukakitumia kuulia watoto wa samaki.

Aliyenifumbua macho hakuwa afisa wala mtaalamu. Alikuwa shangazi yangu, ambaye ni mama karanga, yaani hukaanga samaki na kuwauza jioni kando ya njia. Siku moja aliniita uani akanionyesha beseni alilonunua kwa vijana wangu. Samaki wake walikuwa wadogo hata kiganja kimoja kilibeba kumi na zaidi. Akaniambia, "Mwanangu, nimekaanga samaki miaka thelathini. Hawa siwawezi. Wananywa mafuta kuliko bei yao, na kuni zaisha kabla sijapata faida ya shilingi. Wewe wadhani wanisaidia kwa samaki rahisi. Samaki hawa si rahisi, ni ghali."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Nikarudi nikafanya hesabu ya daftari langu tangu tulipoanza. Nilikuta kwamba watu kumi na sita walikuwa wakivuta tangu alfajiri, na fungu la kila mmoja lilikuwa halifiki kibarua cha siku moja cha kupalilia shamba langu. Na hao ndio niliokuwa nikijisifu kwamba nawapa kazi.

Nikawaambia wenzangu nataka kutoka. Wakasema vema, tutaliuza juya kwa mtu wa ufuo wa pili. Hapo ndipo niliposhikwa. Nikiuza, juya litavuta kule badala ya hapa, na samaki wa kule na wa hapa ni hao hao. Nikanunua mafungu yao, nikalikata lile juya vipande, nikazungushia kitalu cha mchicha kuzuia kuku. Nilipata hasara ya korosho za mwaka mzima. Tena mpwa wangu, aliyekuwa mmoja wa wavutaji, alikaa miezi bila kunisalimu, na sikuweza kumlaumu. Mimi nilikuwa na shamba la kurudia. Yeye alikuwa na kamba ile tu.

Nimeleta kisa hiki si kwa kujitakasa. Nimekileta ili ijulikane kwamba ninaposema juya liondolewe, najua linaondoka na chakula cha nani.

SHERIA IPO

Sheria si ngeni. Tarehe 9 Novemba 2001 Serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba uvuvi wa juya na uvuvi wa bunduki za mkuki ni marufuku, pamoja na nyavu za uzi mmoja usiosokotwa na nyavu za kutega zenye macho madogo. Mwaka 2007 zikatoka kanuni za kuunda vikundi vya kusimamia fuo, ambavyo wengi huviita BMU, ili wavuvi wenyewe wawe na sauti katika ufuo wao. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria mpya ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi. Kwa hiyo karatasi haikosekani. Kinachokosekana ni kwamba sheria hiyo hushikwa leo ikaachwa kesho. Ufuo mmoja huitii, ufuo wa pili huicheka, na yule aliyetii huonekana mjinga.

Sheria ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa sheria kabisa, kwa kuwa humwadhibu mtiifu na kumpa zawadi mkaidi.

SOMO KUTOKA ZIWA VICTORIA

Wako wasemao kwamba kama sheria haishikiki, na ifutwe. Maneno haya si mapya. Yalisemwa katika Ziwa Victoria, na twaweza kuona matokeo yake. Nyavu za kutega za kigeni ziliingizwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905, wakati ghuba hiyo ikiitwa Kavirondo. Mwanzoni wavu mmoja ulijaa ngege, yule samaki mtamu wa ziwa. Baada ya miaka ishirini hivi wavu ule ule ulipata wachache tu. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu mmoja, Michael Graham, alipima ziwa akashauri kwamba macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ikawa sheria. Lakini ilikuwa vigumu kuilinda katika ziwa lenye nchi tatu, na wavuvi walitaka macho madogo. Uganda na Tanganyika ziliiacha katika miaka ya 1950, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nini kilitokea? Nyavu za macho madogo zikajaa, na ngege akazidi kupungua. Juu ya hayo walitiwa ziwani samaki wageni, na mmoja wao ni mbuta ambaye hula wenzake. Leo ngege wa asili ni nadra katika ziwa lile kubwa, na yeye hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya kando kama Kanyaboli, katika Siaya. Siwezi kusema macho ya nyavu ndiyo peke yake yaliyommaliza. Lakini ni wazi kwamba kufuta sheria hakukumponya. Ukiona ua la shamba limebomoka na mbuzi wanaingia, dawa si kung'oa ua lililobaki.

WASEMAVYO WENZETU

Nimekaa na wavuvi nikasikiliza hoja zao, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Wa kwanza husema, "Bahari ni ya Mungu, na samaki hawaishi." Kweli bahari ni ya Mungu, hata ardhi ni yake, lakini ardhi tukiilima bila mbolea na bila matuta huchoka mbele ya macho yetu. Tena wavuvi wengi wetu hawaivui bahari yote. Mtumbwi na ngalawa hazitoki mbali. Wakati wa kusi, upepo ukiwa mkali, karibu wote huvua ndani ya mwamba. Kipande hicho kati ya mwamba na mchanga ndilo shamba letu, nalo ni jembamba. Hilo laisha.

Wa pili husema, "Juya ni la mababu." Nakubali kwamba mababu walivuta nyavu. Lakini nyavu zao zilisokotwa kwa nyuzi za mimea na pamba, zilioza, na zilitengenezwa kwa taabu. Watu walikuwa wachache. Isitoshe, mababu walikuwa na miiko yao. Kulikuwa na mahali wazee walipopaheshimu na kutoa sadaka, na mtu hakuvua hapo apendavyo. Tukitaka kuwafuata mababu tuwafuate kwa yote mawili, nyavu na miiko. Leo tumechukua nyavu, tukazifanya za nailoni zisizooza, tukaitupa miiko.

Wa tatu husema, "Mnawaonea wadogo na kuwaacha wakubwa wenye meli." Hoja hii ina nguvu. Meli zikokotazo nyavu chini ya bahari kutafuta kamba hubeba pia samaki wengi wasiotakiwa, na mara nyingi hurarua nyavu za wavuvi wadogo. Sheria ya zamani ilizikataza kukaribia pwani chini ya maili 5 za baharini, na wavuvi wa Malindi na Tana wamelalamika mara nyingi kwamba hazikutii. Mwaka 2006 meli hizo zilisimamishwa katika Ghuba ya Ungwana kwa muda wa miaka kadhaa kwa sababu ya ugomvi huo. Kwa hiyo nasema wazi: mkono unaomshika mwenye juya ushike na mwenye meli. Lakini kosa la mkubwa halimtakasi mdogo. Tembo akiingia shambani hatusemi basi nguruwe nao waachwe.

Wa nne ndiye mgumu kumjibu. Husema, "Vijana watakula nini?" Yule avutaye juya kwa kawaida hana chombo, hana wavu, hana mtaji, na mara nyingi hana shamba. Ana mikono miwili tu, na juya ndilo humpokea bila kumwuliza lolote. Mama karanga naye, mwenye mtaji wa beseni moja, hawezi kushindana na tajiri mwenye barafu anayenunua samaki wakubwa kwa ajili ya hoteli. Samaki wadogo ndio humfikia. Mtu akiandika juu ya juya bila kuwataja hawa wawili, hajasema kweli. Nitarudi kwao.

PENYE USHAHIDI

Kabla ya hapo, tuangalie kama kuacha kwaleta faida. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ile ya Mombasa mwaka 1986. Wavuvi walinung'unika, na kwa haki, maana wengi hawakuulizwa. Lakini wataalamu walioandika mavuno mwaka hata mwaka katika fuo za karibu walikuta kwamba pale juya lilipoondolewa kabisa, na pale palipokuwa jirani na maji yaliyofungwa, samaki wakawa wakubwa zaidi na pato la mvuvi mmoja likawa kubwa kuliko katika fuo zilizoendelea na juya. Samaki hajui kibao cha mpaka. Akijaa ndani hutoka nje, na nje ndipo anapongojwa na mshipi.

Mfano ulio bora ni ule wa Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi. Huko hawakungoja kufungiwa. Wazee na wavuvi waliona samaki wamekwisha, wakaunda chama chao mwaka 2003, na baada ya miaka michache wakatenga wenyewe sehemu ya bahari ya hekta 30 hivi wasiivue. Wakaiita tengefu. Kulikuwa na ugomvi, kwa maana kumwambia mvuvi asiguse bahari aliyozaliwa kandoni mwake si jambo dogo. Lakini matumbawe yalirudi, samaki wakarudi, na wavuvi wa jirani wakaona wakubwa tena. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Fuo nyingine zimejifunza kwao.

Liko na jambo dogo la lema. Lema la kawaida hushika samaki wakubwa na wadogo pamoja, na wadogo hawana pa kutokea. Wataalamu na wavuvi wa Pwani yetu walijaribu kuacha upenyo mwembamba katika kona za lema ili wadogo watoke. Wengi walidhani mvuvi atapata hasara. Ikaonekana kwamba wadogo walitoka, wakubwa wakabaki, na fedha ya mvuvi haikupungua. Upenyo huo haugharimu kitu. Ni fito chache zisizosukwa. Nawaomba wasukaji wa malema walijaribu jambo hili msimu huu.

TUFANYEJE?

Sasa nitasema maoni yangu, nanyi mtapima.

Kwanza, adhabu ifike kwa mwenye juya, si kwa mvutaji peke yake. Mara nyingi tumeona nyavu zikichomwa moto ufuoni mbele ya umati, na vijana wakipelekwa kortini. Moshi ukiisha, tajiri aliyekaa kibarazani ananunua juya jingine na kuwaita vijana wengine. Mimi nilikuwa tajiri wa namna hiyo, mdogo lakini wa namna hiyo, na nawaambia kwamba katika muda wote ule hakuna aliyekuja mlangoni pangu kuniuliza. Kama angekuja mtu mmoja tu, nisingengoja beseni la shangazi. Vivyo hivyo kwa wauzao nyavu hizo madukani: haifai wavu ukatazwe baharini na uruhusiwe dukani.

Pili, juya libadilishwe, lisichukuliwe tu. Mahali walipopewa wavuvi nyavu za macho yanayokubaliwa, mishipi na malema kwa kubadilisha na nyavu mbaya, ugomvi ulikuwa mdogo. Lakini tusiwape wenye juya peke yao. Tukimpa tajiri wavu mpya tumemtajirisha, na mvutaji amebaki na kamba mkononi. Wavutaji wapewe kwanza, wawili wawili au watatu watatu, kwa mtumbwi mmoja na malema yao. Mpwa wangu niliyemtaja leo ana malema manane. Siku nyingine hupata, siku nyingine hapati. Lakini fungu lote ni lake, na salamu zetu zimerudi.

Tatu, mama karanga asaidiwe kupata samaki wa kadiri. Vikundi vya ufuo vina uwezo wa kuamua kwamba sehemu ya samaki wanaofika iuzwe kwanza kwa wanawake wa kijiji kabla ya gari la barafu. Uamuzi huo hauhitaji fedha za Serikali. Wahitaji wazee wenye kusimama imara siku tajiri anapokuja na noti.

Nne, fuo zote zishike sheria moja kwa siku moja. Ufuo mmoja ukiacha juya na wa jirani ukiendelea, yule aliyeacha atarudi kabla ya mwaka kwisha. Wenyeviti wa BMU za jirani wakutane, wakubaliane, na wapelekeane habari. Vilevile wageni wajao na kaskazi kutoka ng'ambo ya mpaka wapokewe kwa ukarimu kama ilivyo desturi yetu, lakini waonyeshwe sheria ya ufuo kabla ya kushusha nyavu.

Tano, na hili ni letu sisi wakulima. Tusinunue juya. Ukipata fedha ya korosho au ya nazi, iko miche, wako mbuzi wa maziwa, yako mabati, iko karo ya watoto. Fedha itokayo katika ardhi uliyoitunza miaka mingi isiende kuharibu shamba la bahari ambalo ni la wote. Bila fedha yetu majuya mengi yangekaa madukani mpaka panya wayale.

MWISHO

Sisemi kwamba mambo haya ni mepesi. Ufuo ukifungwa, mwaka wa kwanza ni mwaka wa njaa, na mwenye kusema vingine anadanganya. Lakini hata mnazi haukupi nazi mwaka unaoupanda. Wangoja miaka sita, au zaidi, ukiufukuzia mbuzi na kuumwagilia maji, wala husemi kwamba mnazi ni hasara. Tafi ni mwepesi kuliko mnazi. Ukimwachia nafasi, hakuweki miaka sita.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walipokuwa wakisema hivyo nadhani hawakuwa wakifikiri samaki, kwa maana samaki huoza upesi kuliko kitu chochote. Lakini samaki aliye hai baharini, mdogo, asiyevuliwa, huyo ndiye akiba isiyooza. Kila jua linapozama ameongezeka uzito bila sisi kumpa chakula. Yatupasa kufanya jambo moja tu, nalo ni kumwacha.

Nawaomba wasomaji wa Pwani walizungumze jambo hili ufuoni na shambani, na wale wa maziwani na mitoni watuandikie waeleze wao wafanyaje. Mimi nimekwisha kusema yangu. Lile juya langu la zamani bado limezunguka kitalu cha mchicha, na nadhani hiyo ndiyo kazi njema ya kwanza liliyoifanya tangu liliposukwa.